Zawadi ya Kisiwa

Siku Syntiche alipokutana na Anaclet alikuwa amebeba keki ya ubatizo mbele ya posta, saa ile ambayo Lubumbashi nzima hutaka kupanda basi moja. Alivaa kitenge cha manjano chenye maua ya bluu na viatu visivyofaa kwa umati. Mtu akamsukuma mgongoni. Sanduku likamponyoka, na mikono miwili mirefu ikalidaka kabla halijagusa lami.

"Maman, huyu mutoto wako alitaka kuanguka," alisema mwenye mikono ile.

"Si mutoto, ni gâteau. Na mi si maman yako."

"Basi we ni nani yangu?"

Syntiche alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Anaclet alikuwa injinia mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi kwa makini, na siku zake nyingi zilipita migodini Kambove. Alimbebea keki mpaka ilikokuwa ikienda. Kesho yake akatokea Kamalondo, kwenye duka dogo ambamo Syntiche alioka keki pamoja na mdogo wake Kiki. Tangu hapo simu zake zilianza hivi.

"Allô, sukari yangu! Leo umetia nini mu four ya kuokea?"

"Nimetia jina lako. Liko linaungua."

"Toa mbiyo, ni jina moja tu niko nayo!"

Mwaka ukapita hivyo, na mama yake Syntiche akaanza kumwita mkwe.

Msimu wa baridi na vumbi ulipoingia, Syntiche alimpigia akiwa na furaha. "Chéri, maman mumoja wa Golf, kule kwa ba tajiri, amekuja. Anataka gâteau ya harusi ya binti yake, Abigaïl. Étages ine, moja juu ya ingine! Kazi mukubwa!"

Upande wa pili ukanyamaza.

"Allô? Réseau imekatika?"

"Hapana, niko. Harusi ni lini?"

"Jumamosi ya kwanza ya juillet, mwezi wa saba."

"Ah, sukari. Ile wiki njo nilitaka kukupeleka Zanzibar. Ilikuwa surprise. Ile kazi uikatae, utapata zingine."

Syntiche alipiga kelele za furaha mpaka Kiki akaangusha mwiko. Lakini Kiki hakutaka kuiacha kazi ya Golf. "Yaya, dada yangu, we enda tu. Nitaifanya mi mwenyewe," alisema. Syntiche akakubali, wala hakumwambia Anaclet. Aliona si jambo la kusumbua mtu.

Asubuhi ya safari, Anaclet alifika uwanja wa ndege bila sanduku.

"Mashine imeharibika kule Kambove. Tangulia, sukari. Nitakufuata."

Akambusu kwenye paji la uso, na Syntiche akapanda ndege peke yake.

Kisiwa kilimpokea kwa joto. Alishuka na koti la sufu la baridi ya Katanga, na kabla hajafika kwenye teksi nguo ilikuwa imemganda mgongoni. Hewa ilikuwa nzito, ina chumvi, aliionja midomoni.

"Dada, Kiswahili hicho cha wapi?" dereva aliuliza.

"Cha kwetu Lubumbashi. Iko mubaya?"

"Kibaya? Kitamu! Hebu sema tena."

Akasema tena, wakacheka njia nzima.

Bahari hakuwahi kuiona. Alidhani itafanana na ziwa, lakini ziwa hukaa mahali pake. Asubuhi maji yalikuwa chini ya dirisha lake. Mchana yalikuwa yamekwenda mbali, yameacha mchanga mweupe na wanawake walioinama wakivuna mwani. Akamrekodia Anaclet sauti.

"Chéri, bahari imetoroka! Asubuhi iko, mchana haiko! Na hapa banapika mukate wa ufuta na tui ya nazi, nitajifunza. Kuja mbiyo. Kila kintu kizuri minakuachia nusu."

Jibu likaja: "Réseau mubaya huku. Kula na nusu yangu. Nakupenda."

Akala. Alipotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, na kila alipopotea mtu alimkaribisha chai. Alishangaa kwamba mtu anaweza kuwa peke yake na asiwe mpweke.

Jumamosi alivaa gauni jeupe aliloshona kwa ajili ya safari ile, akakaa mchangani na kumrekodia Anaclet mlio wa mawimbi. Jibu likaja upesi: "Nakuwaza, sukari." Jioni alikuwa bado anatabasamu, Kiki alipopiga simu. Nyuma ya sauti ya mdogo wake muziki wa harusi ulikuwa ukivuma.

"Yaya, umekaa?"

"Nimekaa. Gâteau imevunjika?"

"Gâteau iko sawa. Lakini mwanaume aliyeingia na bibi arusi… yaya, ni Anaclet."

"Anaclet gani?"

"Anaclet wetu! Ameniona, akageuza macho." Kiki alikuwa analia. "Minaangusha hii gâteau? Sema tu. Minaiangusha mbele ya bantu bote!"

Syntiche akasimama. "Yule binti… anajua?"

"Hajui kintu. Anacheka tu."

"Basi iache hapo. Yeye hakutukosea. Toka, rudi nyumba."

Simu ilipokatika ndipo alipoelewa ule ukimya wa siku aliyotaja jina la Abigaïl. Hakupelekwa kisiwani. Aliondolewa mjini.

Siku zilizobaki alitembea pwani kama mtu aliyeingizwa katika nyumba ya wengine. Maji yalikuwa ya bluu vilevile. Watu walimkaribisha chai vilevile.

Alipokuwa amerudi Kamalondo, Anaclet alikuja dukani na pete mpya kidoleni. Kiki akatoka bila kumsalimia.

"Sukari, nisikie. Ba famille balikuwa bamekwisha kupatana juu ya ile ndoa. Sikutaka uone. Nilikuhurumia."

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo. Mbele ya mama yangu, mu kitanda yangu. We ulinipeleka nikalie mbele ya bantu sijui jina yabo."

"Tunaweza kuendelea. Nitakupangia nyumba…"

"Niwe deuxième bureau, mwanamuke wa pembeni?" Hakupandisha sauti. "Anaclet, Jumamosi nilikutumia mawimbi. Ulinijibu uko wapi?"

Akatazama chini. "Mu motokari. Mbele ya kanisa."

"Na Abigaïl?"

"Alikuwa pembeni yangu."

Syntiche alisubiri hasira, ikaja huruma kwa yule binti asiyemjua. "Basi na yeye umemudanganya kabla ya kumuoa. Enda kwa bibi yako. Huku usirudie."

Akamfungulia mlango mwenyewe. Anaclet alisimama kidogo, kama anayengoja aitwe chéri, kisha akatoka.

Kiki akaingia, akamshika mkono. Hakumwachia mpaka Syntiche alipomaliza kulia.

"Yaya," Kiki alisema polepole, "na kile kisiwa? Kilikuwa muzuri?"

Syntiche alitamani kusema hapana. Uongo ule ungemsaidia.

"Kilikuwa muzuri, Kiki. Muzuri sana. Ni ule uzuri njo unaniuma."