Punguza Kwanza

Kila siku baada ya masomo, Dominika wa darasa la sita pale shule ya Mkunya alikaa juu ya kreti la soda mbele ya karakana ya Fundi Mathias, ameshika rimoti. Hakuna kilichoruka. Ndege yenyewe, ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, yenye injini mbili, ilikuwa mezani. Fundi aliinunua ikiwa mbovu sokoni Masasi, serikali iliporuhusu biashara huria na mitumba ya kila aina ikaanza kufika. Aliitengeneza mwaka mzima, kisha akaipa klabu ya sayansi ya shule.

"Kushoto imezimika," Fundi alisema ghafla, huku akikaza spoki za baiskeli.

"Napunguza ya kulia. Nashusha pua. Usukani kulia."

"Umechelewa. Tena."

Haji, mwanafunzi mwenzake, alipita akicheka. "Rubani wa kreti, Dar es Salaam unafika lini?"

"Nikifika nitakuletea salamu," Dominika alijibu bila kuinua macho.

Siku ya wazazi ilikaribia. Mwalimu mkuu, Mwalimu Violet, alikuwa amesema wazi: "Wazazi wanalalamika kuwa klabu ni mchezo. Ndege ikianguka mbele yao, naifunga."

Asubuhi ya siku hiyo Dominika alianza kuchuja mafuta ya ndege kwa kitambaa, kama alivyofundishwa. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na vumbi la salfa, dawa ya mikorosho hiyo, lilikuwa kila mahali, hata kwenye mafuta. Alichuja ya tangi la kulia. Kengele ikalia. Ya kushoto akayamimina hivyohivyo.

Ndege ilipaa vizuri. Ilizunguka uwanja mara mbili, na hata wazee waliokuwa wakipiga soga walinyamaza. Mzunguko wa tatu, injini ya kushoto ikakohoa, ikazimika. Pua ikageukia kushoto na bawa la upande huo likaanza kulala.

"Ongeza moto, mwanangu, ongeza," Baba Haji alipaza sauti. Yeye ndiye mpuliziaji salfa aliyesifika kijijini. Wazazi wengine wakaitikia vivyo hivyo. Wote walijua kwamba mashine ya salfa ikikohoa mgongoni, unaiongeza moto inachangamka. Lakini mashine ile ina injini moja. Ndege hii ukiiongeza moto, injini iliyobaki nzima inaisukuma upande mmoja hadi inapinduka.

Kidole cha Dominika kilitaka kutii wakubwa. Lakini kikapunguza injini ya kulia.

"Basi, anaiua," mtu alisema.

Dominika alishusha pua, akashika usukani kulia. Bawa likainuka. Akaigeuza ndege taratibu upande wa injini nzima, akailenga kwenye nyasi kando ya shamba la mihogo. Magurudumu yakagusa, ndege ikaruka kidogo, ikasimama. Haikuvunjika hata kijiti.

Watu walipiga makofi. Mwalimu Violet akamgeukia Fundi. "Kumbe injini yako mbovu, Fundi."

Dominika alijua kwamba akinyamaza, aibu itabaki kwa Fundi. Akisema, huenda klabu ikafungwa.

"Injini si mbovu, Mwalimu. Mafuta ya kushoto sikuyachuja. Kosa ni langu."

Mwalimu akamgeukia yeye. "Nilisema ikianguka naifunga. Haikuanguka. Ila kesho utafungua tangi hilo mbele ya darasa zima, uwaonyeshe uchafu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Baba Haji alikuja akijikuna kidevu. "Ningekuwa mimi, ningeivunja. Haji, kuanzia Jumatatu nenda kwa Fundi ukakae juu ya hilo kreti."

Haji akainamisha kichwa. Dominika akasogea. "Kreti ni moja, lakini tutapeana zamu."

Fundi Mathias aliinua ndege, akaipangusa nyasi, akampa Dominika aibebe mwenyewe mbele ya wazazi wote.

"Haraka ya dakika tano ilizima injini," alisema. "Mazoezi ya miezi mitatu yakaishusha ndege salama. Na ukweli wako umeniachia jina langu. Siku nyingine anza na kuchuja."