Ngazi Arobaini na Mbili

Mtaani walimwita Dada Afya. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kupima watoto uzito na kuwajulia hali waliojifungua. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, ila goti lake la kulia lilikuwa limegoma. Akichuchumaa kusoma mizani, kumwinua ilikuwa kazi ya watu wawili.

Alikwenda kliniki? Thubutu. Yeye aliyewafokea majirani kwa kujitibu, alijipaka dawa ya kuchua mpaka mbu wakahama. Mumewe, fundi cherehani, alishona huku amejifunga kitambaa puani.

Ghorofa ya tatu ya jengo moja la mtaani alikaa mama mwenye mtoto wa siku tano. Ngazi arobaini na mbili! Dada Afya alizitazama, akasimama zake chini uani, akapaza sauti.

"Mdogo wangu, kitovu kimekauka?"

"Kimekauka," mama akajibu dirishani.

"Na choo anapata?"

"Anapata," akadakia muuza mkaa wa jirani. "Nepi si hizo hapo kwenye kamba."

"Na kunyonya je?"

Mama akamtupia jicho muuza mkaa. "Hatujambo, dada."

Dada Afya akaandika: hawajambo.

Habari zilimfikia mumewe kabla yake. "Mama watoto," alisema, "mtaa mzima sasa unajua choo cha mtoto wa watu. Hilo goti lipeleke kwa wenye kazi yao."

Kesho yake asubuhi akaenda kliniki. Mtaalamu wa viungo alilipima, akalikunja, akalikunjua.

"Umelipumzisha?"

"Sana. Wiki mbili sijapanda ngazi hata moja."

"Hapo ndipo ulipokosea, mama. Misuli ya paja ikilegea, goti hubeba mzigo peke yake. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu mpaka tano, ushushe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Mizani iweke mezani, usichuchumae. Mkoba ubebe kwa mabega yote mawili."

"Na ngazi?"

"Polepole, umeshika ukuta au reli. Kupanda, tanguliza mguu mzima. Kushuka, tanguliza unaouma. Goti likivimba, likipata joto au likikwama, rudi haraka."

"Haya yote huwa nawaambia watu," akanung'unika. "Kasoro ngazi tu."

Goti lilihitaji wiki sita za mazoezi hadi kutulia. Lakini mtoto hakuwa wa kungoja wiki sita. Mchana uleule Dada Afya alipanda, mguu mzima mbele, akipumzika kila ghorofa.

Mama alifungua mlango, akamwingiza, akaufunga haraka, akanong'ona.

"Dada, chuchu zimepasuka. Mtoto hanyonyi vizuri tangu juzi."

"Mbona jana hukusema?"

"Ningesemaje, na muuza mkaa anasikiliza?"

Dada Afya aliona aibu, tena ya haki. Akavuta kiti kirefu, akaketi. Akamwonyesha mama namna ya kumweka mtoto, tumbo kwa tumbo, mdomo wazi kabisa, ashike ziwa na si chuchu peke yake. Mara mbili mtoto alikataa. Mara ya tatu akanyonya, na wote wawili wakainama kumsikiliza akimeza.