Mlima Nyuma ya Mzee Wiebe

Jumamosi ya mwisho kabla mito ya milimani haijafunguliwa kwa msimu wa uvuvi, duka la vifaa vya uvuvi la mtaa wa Inglewood, hapa Calgary, Kanada, hujaa hadi mlangoni. Wanaume wazima, wenye wake na mikopo ya nyumba, husukumana wakigombea manyoya ya kuku. Usicheke. Ndiyo manyoya yanayofungwa kwenye ndoana yakafanana na mdudu, na samaki wa mito yetu, trauti, si mpumbavu wa kumeza kila kinachopita.

Maren Wiebe alijipenyeza katikati ya mabega hayo akiwa na koti la bluu la kazini, nywele zake za rangi ya ngano amezibana kwa kalamu. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwachagulia miwani. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mfungaji wa nzi wa bandia, akafungua kijaluba cha bati.

"Naomba unifungie wa namna hii."

Orest Prokop aliinua kichwa. Alikuwa na shati zito la miraba, mikono mikubwa isiyofanana na kazi ndogo aliyoifanya, na ndevu zilizohitaji kufyekwa. Akamgeuza yule nzi chini ya taa.

"Huyu kafungwa, au katapikwa na paka?"

"Ni wa baba yangu."

"Mkono anao. Macho ndiyo nina wasiwasi nayo."

"Alifariki Februari."

Orest akaweka mkasi chini taratibu. "Nisamehe, dada. Mdomo wangu hutangulia, akili inakuja na basi la pili."

Maren akataka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimponyoka, kidogo na chakavu, kama kitu kilichosahaulika mfukoni tangu msimu wa baridi.

"Una unyoya kwenye ndevu," akasema.

"Ni chambo. Tangu asubuhi sijanasa mtu."

"Na ndoana zako? Kile kimiba cha kumzuia samaki asichomoke unakiminya?"

"Zote. Anayetaka kuondoka aondoke bila jeraha."

Maren akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha kadibodi, eti amjulishe nzi akiwa tayari. Nzi alikuwa tayari baada ya dakika ishirini. Orest akangoja mpaka kesho yake ndipo akapiga, kusudi asionekane ana haraka. Wanaume bwana!

Juni yote wakavua pamoja jioni kwenye Mto Bow, mjini kabisa, treni zikiunguruma darajani na vioo vya maghorofa vikiwaka rangi ya machungwa. Simu ikawa haipoi.

"Umekula?"

"Bisi."

"Maren, bisi si chakula."

"Basi niletee perogi za bibi yako, zile sambusa za kuchemsha."

"Bibi kasema zake ni za wachumba tu, si za wateja."

"Mwambie bibi aanze kukanda unga."

Julai, Maren akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpeleka Orest kwenye bwawa la baba yake, kina cha mto alichokificha maisha yake yote.

Ilikuwa safari ya barabara ya vumbi ya msituni, kisha miguu, kisha kuvuka kijito maji yakigonga mapaja. Baada ya hapo misonobari ikafunguka, na maji yalikuwa pale, kijani kama chupa, chini ya mlima uliokatika ncha kama jino lililovunjika. Humo waliishi buli, samaki wakubwa ambao watu huwaita trauti ingawa kwa haki ni binamu zao, chari. Kila Septemba majike huchimba changarawe kwa mkia na kutaga humo. Mguu mmoja ukikanyaga hapo, mayai kwisha.

"Mzee alinileta nikiwa na miaka sita," Maren alisema. "Siku ya mwisho hospitalini hakuulizia nyumba wala gari. Alisema, 'Lile bwawa, Maren. Usilifichue.' Nikaapa."

"Na mimi je?"

"Wewe nimekuingiza kwenye kiapo. Ukikitoboa, nakutoboa."

Maren alishika buli mmoja, akamwinua kidogo tu juu ya maji. Orest akainama mtoni ili ampige picha kutoka juu, isionekane mbingu wala jiwe la kutambulika. Ndiyo adabu yetu wavuvi. Ukiziangalia picha zilizobandikwa ukutani pale dukani, utadhani sisi wote huvua mahali pasipokuwepo duniani.

Agosti moshi wa mioto ya misitu ukashuka mjini, na ikafika siku ya kuzaliwa ya marehemu. Maren akaketi na picha zake usiku mzima wa majonzi, akachagua moja, mzee akicheka, kofia mkononi, akaiweka mtandaoni. Watu wakaandika pole nyingi. Akalala akiwa amefarijika kidogo.

Wiki mbili baadaye alikwenda bwawani peke yake. Alikuta magari yamepangana hadi kwenye mtaro. Ukingoni kulikuwa na wanaume asiowajua, makopo ya bia yakipoa majini, na matope yaliyokanyagwa kama zizi la ng'ombe. Maren akarudi kwa miguu hadi kwenye gari. Aligeuza gari, akaendesha mpaka simu iliposhika mtandao.

"Orest, umemwambia nani?"

"Kuhusu nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Bwawa! Watu wamejaa kama sokoni. Ile picha uliyonipiga umempa nani?"

Upande wa pili, mkasi uliacha kulia. Orest alijua. Siku tatu kabla, vijana wawili waliinamia simu mbele ya meza yake, na aliona walichokuwa wakikitazama. Alifungua mdomo amwambie. Kisha akasikia jinsi Maren alivyokuwa akipumua, pumzi za mtu aliyeapa kando ya kitanda cha mauti.

"Nisamehe, Maren."

"Kwa hiyo ni wewe."

Mkasi ukaanza kulia tena, polepole.

"Nilikupa kitu kimoja tu cha baba yangu," Maren akasema. "Kimoja, Orest." Akakata simu, akaizuia namba ya Orest.

Huyu mchekeshaji wetu hakuchekesha mtu tena pale dukani. Wateja wakadhani anaumwa jino.

Septemba ilipoanza kuuma, kijana mmoja akaingia kwa Maren akitaka miwani ya kuona chini ya maji yanayometa.

"Unavua wapi?" Maren akamuuliza, akimpima pua.

"Kuna sehemu moja ya buli, dada, siri kubwa. Ila usitangaze." Akatoa simu, macho yakimng'aa. "Tuliitambua hapa. Huyu mzee simjui, lakini cheki mlima nyuma yake. Jino kama hilo lipo moja tu."

Maren akatazama. Alikuwa ameiona picha ile mara nyingi kuliko uso wake mwenyewe, na kila mara alimwona baba tu. Leo, kwa mara ya kwanza, aliangalia nyuma ya baba.

"Lakini siku hizi hapavuliki," kijana akaendelea. "Kuna jamaa mwenye ndevu anashinda pale kila wikiendi. Kafunga kamba, anawabembeleza watu wasikanyage mayai. Kero kweli! Dada? Mbona umekaa?"

Jumamosi iliyofuata misonobari ya aina inayogeuka dhahabu ilikuwa inapukutisha majani yake ya sindano, na ukungu wa barafu ulikuwa juu ya majani. Orest alikuwa ukingoni, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, chupa ya kahawa kati ya magoti. Alimwona Maren akivuka kijito, akasimama.

"Ulijua," Maren akasema.

"Nilijua."

"Ukanidanganya."

"Sikusema neno."

"Ndiyo uongo wenyewe huo!"

"Ungefanya nini ungeambiwa siku ile?"

"Ningelia."

"Basi si ndiyo hicho nilichokuwa nakikwepa?"

"Ningelia nikiwa na wewe, Orest! Badala yake nimelia peke yangu, tena nikimchukia mtu asiye na kosa." "Baba alinificha ugonjwa wake mwaka mzima. Alinihurumia. Nilipojua, ilibaki miezi miwili. Sitaki tena kuhurumiwa hivyo."

Orest akavua kofia. Hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

"Hilo sikulifikiria. Nimekukosea."

"Na mimi nimekukosea."

Wakatazama majini. Jike kubwa lilijilaza ubavu, likapiga changarawe kwa mkia, mawe yakabaki safi na meupe chini yake. Ndipo sauti zikasikika njiani, wanaume wanne na fimbo zao za kuvulia. Orest akainua mguu awaendee, Maren akamshika mkono.

"Hawa niachie."

Akawaendea na kusimama mbele yao. "Habari zenu. Yule mzee wa kwenye picha ni baba yangu. Aliniomba nisipafichue mahali hapa, nami nikapafichua bila kujua. Picha nimeifuta. Siwezi kuwafukuza, mto si wangu. Nawaomba tu."

Mmoja, mwenye mvi, akashusha mkoba wake. Kisha akaanza kutenganisha vipande vya fimbo yake. "Pole kwa msiba, binti," akasema. Wenzake wakanung'unika, lakini wakageuka naye.

Si wote watakaogeuka, hilo Maren alilijua. Akarudi, akaokota ncha ya kamba iliyolegea, akaifunga upya kwenye mti.

"Wikiendi ijayo zamu ya nani?"

"Yangu."

"Na Septemba ijayo?"

"Yangu pia."

"Na ile ya baadaye?"

"Maren, unaniposa au unaniajiri?"

"Jibu swali."

Orest akairudisha kofia kichwani. "Zote. Septemba zote."

"Basi mwambie bibi akande unga."

Picha waliyopiga siku ile sasa ipo ukutani pale Inglewood. Watu wawili, pua nyekundu kwa baridi, na nyuma yao matawi matupu. Ni wapi? Mimi najua. Nilikuwa harusini, papo hapo ukingoni. Na sikuambii.