Sakafu Isiyofunguka

Soksi ndiyo iliyotoa habari. Asubuhi ya siku ya nne, nchi kavu haionekani upande wowote, Msasa aliteremsha mguu kutoka kitandani akakanyaga maji. Hayakuwa matone ya koti la mvua. Maji yalikuwa yakitambaa juu ya sakafu ya mtiki aliyoisugua kwa mkono wiki tatu nzima, yakienda omo boti ikiinamia mbele, yakirudi tezi, nyuma, ikiinuka. Alichovya kidole akaonja. Chumvi.

"Mama Mapacha!" aliita. "Pampu inafanya kazi?"

Mkewe alikuwa juu, mkono kwenye usukani, kofia imefungwa kidevuni kwa kitambaa. "Ilikuwa inanguruma tangu alfajiri. Sasa imenyamaza. Nilidhani imemaliza kazi."

Haikuwa imemaliza kazi. Ilikuwa imekufa. Betri zilikaa chini ya sakafu, na chini ya sakafu kulikuwa kumejaa.

Hapa lazima Msasa asemwe kidogo, ingawa si vizuri kumsema mtu anayezama. Alikuwa seremala wa makabati kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumngoja amalize kusugua. Alipowaachia wanawe mapacha karakana, mikono ilikosa kazi na miguu ikaanza kumwasha. Akawa hakai akatulia. Anahamisha kochi, analirudisha lilipokuwa. Anatoka kununua misumari asiyoihitaji. Siku moja akarudi na wazo la boti ya matanga: wanunue, wajifunze, wavuke bahari hadi visiwa vya upande wa pili, safari ya siku kumi. Mkewe, mkunga aliyestaafu mwaka huohuo, alicheka mpaka akaona mwenzake hacheki.

Walisomea matanga miezi minne, kisha wakaenda gatini kuchagua. Palikuwa na boti mbili walizozimudu. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, kijivu, imebonyea ubavuni, mabomba na nyaya zake zote nje nje. Ubao wa sakafu uliuinua kwa kidole kimoja ukaona mpaka chini kabisa. "Hii sura haina," fundi wa injini wa pale aliwaambia, "lakini na siri haina." Mkunga akaipenda palepale. Msasa akasema yeye halali ndani ya sufuria. Ya pili ilikuwa ya mbao tupu, na milango ya makabati yake ilikuwa na viungo visivyopitisha hata unywele. Akaichagua kama anavyochagua kabati, kwa kupapasa. Hakuuliza, maji yakiingia, yataonekana wapi.

"Mimi boti sizijui," mkewe alimwambia siku ile. "Wewe angalau unajua mbao. Nikiingia humo, naingia kwa neno lako."

"Haina kasoro," Msasa alijibu.

Kisha akazidi kuipamba. Sakafu ya zamani, ya vipande vilivyolegea, ilikuwa inalia kila ukiikanyaga, nayo ilimkera. Akaing'oa, akaweka mpya, akaikaza kwa skrubu za shaba, na kila skrubu akaifunika kwa kizibo cha mbao kilichogundishwa na kusuguliwa, hata mtu angetafuta skrubu kutwa asiione. Koki inayoruhusu maji ya bahari kwenda kupoza injini akaificha nyuma ya rafu ya vitabu. Kila mgeni alisifu. Fundi wa injini peke yake ndiye aliyeinama, akatafuta pa kupitisha kidole, akapakosa, akaondoka.

Sasa Mkunga alifunga usukani kwa kamba, akashuka ngazi mbio.

"Fungua sakafu."

"Haifunguki."

"Haifunguki vipi? Si umeifunga mwenyewe?"

"Niliifunga isifunguke."

Alipiga magoti majini na bisibisi, akitafuta kizibo cha kwanza. Ustadi wake mwenyewe ulimsuta, kwa maana hakukiona. Alipokipata alianza kukichokoa taratibu, asije akakwaruza ubao. Mkunga alimtazama kidogo, kama alivyozoea kumtazama mzazi anayegoma kusukuma. Kisha akamtia shoka mkononi.

"Vunja."

"Ngoja, nikitoa hivi viwili tu..."

"Baba Mapacha, maji yamefika kifundoni. Vunja!"

Akavunja. Pigo la kwanza lilimuuma moyoni kweli, la pili likauma kidogo, na baada ya hapo hakuwa na nafasi ya kuumia. Chini ya mbao palikuwa peusi, mafuta ya injini yakielea, na maji hayasemi yanatoka wapi. Ilibaki koki. Akageukia rafu. Vitabu vilimwagikia majini, na shoka likala mbao alizozipaka mafuta mara saba.

Boti isiyo na mtu kwenye usukani haina subira. Ilijigeuza, upepo ukalikamata tanga la mbele kwa nyuma, likapasuka kwa kishindo kilichowatikisa wote wawili, na boti ikalala ubavu. Msasa akarushwa juu ya ubao uliovunjika. Ukingo wake ulimchana kiganja cha kushoto kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Alipitisha mkono huohuo wenye damu kwenye tundu la rafu, akaipapasa koki, akaizungusha. Sauti ya maji, ambayo hakujua kwamba alikuwa akiisikia, ikakoma.

Wakafua maji. Yeye akichota kwa ndoo kwa mkono mmoja, mkewe akipokea ngazini na kumwaga baharini, ndoo baada ya ndoo, mpaka jua likawa utosini na migongo ikakataa kunyooka.

"Usiache," Mkunga alisema. "Pumua, kisha vuta. Pumua, vuta."

"Mimi sizai, mama."

"Ungekuwa unazaa ungekuwa umeshamaliza."

Maji yalipopungua, Msasa aliinama kuliangalia bomba la mpira lililotoka kwenye koki, na hapo akaiona. Skrubu ya shaba, ya kwake, ilikuwa imepenya ubao na ncha yake imegusa bomba. Kwa siku nne boti ilikuwa ikiyumba na ncha ikisugua, mpaka mpira ukachanika urefu wa kidole. Hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa. Aliichomoa akaitia mfukoni.

"Ni nini?" sauti ya mkewe ilitoka juu.

"Bomba limechoka."

"Ulisema haina kasoro."

"Mpira ni mpira tu. Huchoka."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijua kwamba amedanganya, na aliyemdanganya ndiye aliyekuwa ameshika sindano, anakuja kumshona kiganja kwa uzi wa kutilia viraka matanga.

"Tulia," Mkunga alisema. "Nimeshona watu waliochanika kuliko wewe, na hawakupiga kelele hivi."

Kisha wakahesabu kilichobaki. Injini ilikuwa imekufa, redio imekufa, na kile chombo cha kuonyesha walipo kilikuwa na kioo cheusi. Tangi la maji ya kunywa nalo lilikuwa chini ya sakafu, na kifuniko chake hakikukazwa vizuri. Maji yake yaliwasha ulimi kwa chumvi. Yalibaki madumu mawili ya lita kumi kumi ambayo Mkunga aliyafunga kwenye choo tangu siku ya kwanza, na ambayo Msasa aliyalalamikia kwamba yanaharibu sura ya boti. Moja lilikuwa nusu.

"Lita kumi na tano," Mkunga alisema. "Tukirudi?"

"Upepo unatoka tulikotoka. Tutapigana nao wiki mbili."

"Tukienda mbele?"

"Kwa tanga moja, siku sita. Tano, upepo ukiwa na adabu."

"Basi mbele. Vikombe vitano kwa siku kila mtu, na ninapima mimi."

Alipima kwa kikombe cha robo lita. Njia nayo aliipima kwa mtindo wa wodini. Tangu walipong'oa nanga alikuwa na daftari ambamo kila baada ya saa nne aliandika upande wa dira, upepo na mwendo, akachora mstari unaopanda, kama alivyochora miaka yote kwa wazazi wenye uchungu: mstari ukipanda, mambo yanakwenda, ukilala, inuka ufanye kitu. Msasa alikuwa akilicheka daftari hilo. Sasa lilikuwa ndicho kitu pekee kilichojua walipo. Kupima mwendo, Msasa alitupa kipande cha sakafu yake kutoka omo, na Mkunga akahesabu mapigo ya saa mpaka kikapita tezi. Mara sita kwa siku alitupa kipande cha mtiki alichokisugua kwa mkono, akakitazama kikienda zake.

Hakuweza kukaa. Boti ilikuwa na hatua saba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, naye alizipiga kutwa, anakaza kamba iliyokazwa, anashika mlingoti, anauachia. Mkono ulikuwa unapwita. Skrubu mfukoni ilimchoma paja kila alipoketi, na pengine ndiyo sababu haketi. Siku ya saba upepo ulilala, na mstari wa daftari ukalala nao. Jua lilipiga sitaha mpaka haikanyagiki. Bahari ilikuwa tambarare, haina habari nao.

Siku ya nane jioni upepo ukarudi, mwembamba, na Mkunga akamkamata mumewe kidevu, akamgeuza usoni.

"Midomo imepasuka. Ulimi umekauka. Maji ninayokupa unayapeleka wapi?"

"Nakunywa."

"Toa ulimi tena. Nimesomea kazi hii, usinitanie."

Msasa aliangalia chini. "Nayarudisha kwenye dumu. Ukigeuka."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Una wazimu? Kwa nini?"

Aliingiza mkono usio na jeraha mfukoni, akatoa skrubu, akaiweka juu ya daftari. "Bomba halikuchoka. Ni hii. Niliikaza mwenyewe. Wewe uliingia humu kwa neno langu, na neno lilikuwa bovu. Nikaona maji yawe yako."

Mkunga aliiokota, akaigeuza geuza. Kisha ulimi ukafunguka. Alimwita mjinga. Alimwita mrembeshaji wa majeneza. Alimwambia kwamba bomba likipasuka ni ajali, lakini mtu akikuficha palipopasuka ni mtu anayekuua taratibu, na kwamba wodini mtu wa namna hiyo angemtoa mlangoni kwa mikono yake. Alilia kwa hasira, na machozi yenyewe yalimtia hasira zaidi kwa kuwa yalikuwa ni maji. Alipomaliza alijaza kikombe mpaka ukingoni, akakishikilia mdomoni pa mumewe.

"Kunywa chote. Ukifa wewe, nani nitamgombeza?"

Akanywa. Akajaziwa kingine.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja ndege wawili weupe walikatiza mbele yao, na kabla ya adhuhuri mstari mwembamba wa kijani ukaonekana pale hasa daftari liliposema utaonekana, kasoro upana wa ngumi moja. Mkunga aliandika saa kwenye daftari. Kwenye lango la bandari upepo ulikufa kabisa, na tagi, boti ya kuvuta meli, iliyokuwa ikirudi kazini iliwarushia kamba. Baharia wake alichungulia ndani akaona mbao zilizokatwakatwa.

"Mmevamiwa na nani?" aliuliza.

"Na seremala," Mkunga alijibu.

Mapacha walipiga simu kila siku wakitaka wazazi wao warudi kwa ndege. Mkunga alisema ataamua. Hakuulizwa na hakujieleza. Alikodi chumba karibu na gati, akalala, akala, akampeleka mumewe hospitali kutolewa nyuzi. Msasa aliazima zana akashinda ndani ya boti. Wiki tatu zilipopita alikuja kumwita, na alipomwita hakuweza kusimama mahali pamoja.

Mkunga alishuka ngazi. Sakafu ilikuwa mpya, ya mbao za kawaida tu, vipande vipande, kila kipande na tundu la kupitishia kidole. Ilikuwa inalia kila alipokanyaga. Rafu haikuwapo. Koki ilikuwa wazi ukutani, mpini wake umepakwa rangi nyekundu, bomba lake jipya likionekana lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Betri zilipandishwa juu ya benchi, na kwa kweli zilikuwa zinachukiza kuzitazama. Hapakuwa na skrubu hata moja sakafuni.

Mkunga alikaa kwenye ngazi, akatazama saa ya mkononi.

"Fungua."

Msasa aliruka, akainua vipande vyote, akafunga koki, akageuka anahema.

"Sekunde hamsini na mbili. Rudisha. Tena."

Akafungua tena. Arobaini na nne.

"Tena. Ukiwa umefumba macho."

Alifungua mara kumi na moja, jasho likimtiririka, na mara ya mwisho mkewe alimzuia asitumie mkono wa kulia. Akafungua kwa ule wenye kovu. Kisha akabaki amepiga magoti katikati ya mbao zake mbaya, akitazama juu.

"Utarudi nayo?" aliuliza. "Usipotaka nitaelewa. Niambie tu."

Mkunga alitoa skrubu ya shaba kwenye mkoba, akaitazama, akairudisha.

"Madumu manne," alisema. "Na yakae hapa ninapoyaona."