Kidonda Kisichonuka

Sista alipofungua mlango wa chumba cha Bi Pindo hakusikia harufu yoyote, na hilo ndilo lililomsimamisha kizingitini.

Alikuwa muuguzi wa shirika linalowahudumia wagonjwa wa saratani majumbani mwao bila malipo. Aliosha vidonda, akabadilisha bandeji, akapima dawa ya maumivu, kisha akakaa na mgonjwa. Kukaa nako kulikuwa kazi. Shirika lilikuwa na sharti moja ambalo kila muuguzi alifundishwa kabla ya kukabidhiwa mkoba: ndani ya nyumba ya mgonjwa, hakuna kuziba pua. Mtu anayeoza anajua kwamba anaoza, hana haja ya kuambiwa na uso wako.

Bi Pindo alikuwa akioza. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu pindo zake hazikufumuka. Sasa titi lake la kushoto lilikuwa shimo. Kingo zilijipindua nje, katikati palitoka usaha wa kijivu uliolowesha bandeji, kanga na godoro. Harufu yake ilikuwa ikimpokea Sista tangu barabarani. Dereva wa shirika, ambaye wenzake walimwita Pua, hakuthubutu kuegesha gari karibu.

"Tumbo langu halina mkubwa, Sista," Pua alizoea kusema. "Likigoma, hakuna wa kuliamuru."

Leo hapakuwa na harufu ya usaha, wala ya dawa, wala ya makaa yaliyowekwa kwenye beseni chini ya kitanda ili yanyonye uvundo. Hewa ya chumbani ilikuwa kama ya sahani iliyooshwa.

"Ingia basi," alisema Bi Pindo. "Umesimama hapo kama mpiga picha." Alikuwa ameketi, na kwa muda mrefu alikuwa hawezi kuketi.

Sista alivaa glavu, akafungua bandeji. Ilikuwa kavu. Chini yake nyama ilikuwa ya waridi, laini, bila tone la damu. Alipoinama aliona mistari myembamba juu ya nyama ile, yote ikielekea upande mmoja, kama ya sufuria iliyokombwa kwa kidole.

"Nani alikuosha?"

"Mimi," alijibu binti wa Bi Pindo kutoka mlangoni. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na alikuwa ameacha kazi ili amuuguze. Alijibu upesi mno. "Kwa maji ya chumvi, ulivyonifundisha."

Sista alikuwa ameosha vidonda nusu ya maisha yake. Maji ya chumvi hayakuwa na ulimi.

Wazo hilo lilimjia hivyohivyo, na hakulipenda.

Binti alipokwenda jikoni, Bi Pindo alimshika Sista mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Nimegawa mkasi, nimegawa cherehani, maadui wangu nimewasamehe wote, na wengine hawakustahili," alinong'ona. "Mbona siendi?"

"Maumivu je?"

"Sina. Hata hapa." Alijifinya shavu mpaka kucha ikazama. "Kinilacho kimo nguoni mwangu, Sista, hicho nimeshakizoea. Lakini huyu mwingine mimi sikumwalika."

"Mwingine yupi?"

Hatua za binti zilisikika. Bi Pindo aligeukia ukutani.

Garini, Pua alivuta hewa mara mbili. Siku zote Sista alipotoka nyumba ile yeye alishusha vioo vyote.

"Leo hunuki," alisema. "Na mifuko huleti tena?"

Bandeji chafu zilitiwa kwenye mifuko ya njano, na mifuko ilirudi na gari kwenda kuchomwa kwenye tanuru la shirika. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini majirani walikuwa wameanza kusema: nyumba ile inamtoa mgonjwa wao kipande kipande, tena kwa gari. Ziara chache nyuma binti alimwomba Sista aiache mifuko, angeichoma mwenyewe nyuma ya nyumba. Alikuwa analia. Sista alimhurumia, akaiacha. Tangu siku hiyo hakuwahi kuona majivu.

"Rudi nyuma," alimwambia Pua.

"Umesahau nini?"

"Kuchungulia."

Alizunguka nyumba kimya. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilichoma. Nyuma ya bafu palikuwa na karo la maji machafu lenye mfuniko wa saruji, na mfuniko ulikuwa umesogezwa. Kando yake ilitandazwa mifuko ya njano, imegeuzwa ndani nje, misafi, inang'aa.

Hapo ndipo aliposikia sauti. Ilitoka dirishani mwa Bi Pindo. Mwanzo alidhani ni paka anakunywa maji. Lakini paka hunywa haraka, na hii ilikwenda polepole, ikatua, ikavuta pumzi kwa pua iliyojaa kamasi, ikaendelea.

Sista alisogea hadi penye mwanya wa pazia, akaangalia, na alichokiona alikiona kwa mafungu, kwa sababu macho yalikataa kukichukua kwa mara moja: binti ameketi kwenye kigoda akiutazama ukuta, vidole masikioni, Bi Pindo amelala chali, kifua wazi, macho darini, na juu ya kifua hicho kitu kimeinama, chenye mabega ya mtu na ngozi kama ya ndani ya shavu, yenye utelezi na mishipa, bila unywele, na ulimi mpana kama kiganja, wa kijivu, ukizunguka kingo za kidonda taratibu, ukiingia kwenye mikunjo, ukitoka na uzi wa usaha, ukirudi kwa uzi huo huo, kama mlaji asiyetaka kuacha hata tone, huku tumboni mwake, penye ngozi nyembamba kuliko kwingine, vipande vya bandeji vikionekana vimekunjamana, bado vyeupe pembeni.

Kikainua kichwa. Hakikuwa na macho, kilikuwa na pua tu, na pua ikamwelekea. Midomo ilikuwa imelowa. Hakikukasirika. Kilijisogeza kidogo upande mmoja wa kifua, kikaacha nafasi, kama mtu mwenye adabu anavyompisha mgeni aliyemkuta mezani.

Kilimkaribisha chakula.

Sista alitapika ukutani. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kutapika.

Binti alimkuta pale pale, ameinama.

"Umeona," alisema kwa sauti ya chini.

"Kile ni nini?"

"Sijui. Mifuko nilikuwa naitupa karoni. Karo likaacha kunuka. Nikashukuru. Kisha mchana mmoja kikabisha hodi mlango wa bafu."

"Kikabisha hodi?"

"Kwa adabu kabisa. Na mimi, kwa mazoea tu, nikasema karibu."

"Mungu wangu. Kinamla mama yako."

"Saratani nayo inamla!" Alijikaza asipige kelele. "Hiki angalau kinaacha pasafi. Wewe unakuja, unakaa, unaondoka. Mimi nalala naye. Alikuwa analia mpaka anakosa sauti. Shoga zake walimsalimia kwa simu, kwa simu, Sista, na wanakaa jirani. Sasa wanaingia, wanakunywa chai, wanacheka naye."

"Ungesema, ningeongeza dawa."

"Dawa yenu haiondoi aibu."

Sista alijifuta mdomo.

"Nyie wawili!" Sauti ya Bi Pindo ilitoka dirishani. "Mnanong'ona kama wezi wa kuku. Kimeshaondoka. Njooni ndani."

Walisimama kando ya kitanda. Bi Pindo alijifunika mwenyewe, akamtazama bintiye.

"Mwanangu, umenifanya sufuria. Kinanikomba, nyama inaota, kinarudi. Hakitaki nife. Nani anamchinja ng'ombe wa maziwa?"

"Mama, huumwi."

"Siumwi, sisikii njaa, sisikii mkono wako ukinishika. Juzi ulinibusu, nikajua kwa kuona tu." Alivuta kanga mpaka kidevuni. "Nataka kuondoka nikiwa mtu. Sitaki kubaki mabaki."

Pua ndiye aliyemjua mganga mtoa majini. Alikuwa mama mnene aliyeishi juu ya duka la matairi. Sista na binti waliwakuta wasusi wawili wakimsuka, na hakuwafukuza. Alisikiliza kichwa kikiwa kimevutwa upande.

"Mimi siji," alisema. "Huyo hakumpanda mtu, hata nikambembeleze ashuke. Huyo kaalikwa mezani. Aliyemlisha ndiye amnyime, kwa mdomo wake na kwa mkono wake. Amtoe tonge kinywani."

"Na mama yangu?" aliuliza binti.

"Atanuka, ataumwa, atakufa. Si ndicho anachokitaka? Polepole wewe, hicho ni kichwa, si jamvi!" alimkaripia msusi, kisha akamrudia binti. "Ila usijadiliane naye. Kunyima ni neno moja. Ukiongeza la pili, umeanza biashara."

Walirudi kabla jua halijageuka. Sista alisimama mlango wa bafu akiwa na dawa ya maumivu mfukoni. Binti alipiga magoti, akasogeza mfuniko, akaning'iniza bandeji chafu juu ya shimo. Bandeji ikavutwa. Ilivutwa kwa upole, kama mtoto anavyovuta nguo ya mamaye, na binti hakuiachia, akaufuata mvuto, mkono ukaingia hadi kiwiko, hadi bega, shavu likalala juu ya saruji yenye utelezi, na usoni mwake Sista alisoma kila kilichokuwa kikitokea kule chini: vidole vilipogusa midomo, vilipopita katikati ya ufizi usio na meno, vilipozama katika kitu cha moto kilichojikunja na kuanza, bila haraka, kumramba kila kidole kwa zamu, kati ya kidole na kidole, chini ya kucha.

"Vuta!" alisema Sista.

Binti alivuta. Bandeji ilitoka na ute uliojinyoosha kama gundi, ukakatika.

"Sikupi tena, mama yangu si chakula."

Hilo lilikuwa neno moja. Lingetosha. Lakini binti hakuinuka. Aliweka uso wake juu ya shimo na midomo yake ikaendelea kucheza. Sista alipiga hatua ili asikie, na wakati huohuo Bi Pindo akapiga ukelele chumbani.

Harufu ilimkuta Sista ukumbini. Ilikuwa imerudi yote, ikiwa na wingi wa siku zote ilizokuwa haipo, ikamtoa machozi. Alipita katikati yake. Alimwinua mgonjwa kichwa, akamnywesha dawa, akangoja naye mpaka meno yalipoacha kusagana.

"Nanuka?" Bi Pindo aliuliza.

"Unanuka, mama. Unanuka sana."

"Ndiyo mimi," alisema, akalala.

Alifariki siku chache baadaye, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bintiye. Alikuwa amelalamika kwamba anaminywa mno. Shoga zake hawakuwapo. Binti alikuwa amelala ubavuni mwake, uso karibu na kidonda, pua wazi.

Baada ya mazishi binti alikuja ofisini kujitolea. Mkuu wa shirika alifurahi, maana kazi aliyoiomba ilikuwa ile iliyokimbiwa na wote: kuzunguka na Pua nyumba hadi nyumba, kukusanya mifuko ya njano na kuipeleka kwenye tanuru. Hakukosa hata siku. Hakuvaa glavu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwororo kuliko wa kushoto, na wengine walimtania wakimwuliza anatumia mafuta gani.

Pua ndiye aliyemfuata Sista.

"Mifuko ikiingia garini nashusha vioo," alisema. "Tukifika kwenye tanuru, napandisha. Hainuki, Sista. Mimi pua yangu unaijua."

Sista alimkuta binti nyuma ya gari, mlango nusu wazi, giza ndani. Alichukua mfuko uliokuwa chini, akaufungua. Bandeji zilikuwa nyeupe, kavu, zimekunjwa.

"Ulikiahidi nini?"

Binti hakujifanya haelewi.

"Mifuko. Mifuko tu. Nyinyi mlimuuguza mama bure, kile hakitoi kitu bure. Nisingeahidi, kisingemwachia."

"Angeachiwa. Ulishanyima!"

"Ulikuwa umelala pale chini wewe? Mkono wako ndio uliokuwa kinywani?"

"Basi unaacha leo."

"Nikiacha kitawafuata wagonjwa walipo." Binti alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kimeshawaonja wote, Sista. Yule babu wa koo. Yule mwalimu. Yule mtoto wa mguu. Kinajua kila mmoja anakaa wapi. Kikiletewa, kinatulia."

Sista alitazama mifuko iliyobaki. Ule wa chini kabisa ulikuwa alioufunga mwenyewe asubuhi ile, nyumbani kwa mtoto wa mguu. Angeweza kuushika na kukimbia nao hadi kwenye tanuru. Alifikiria mtoto yule, chumba chake, mlango wake wa bafu ambao haukuwa na kitasa.

Mkono wake haukuinuka.

Binti aliinama, akauokota mfuko ule, akaunyoosha gizani. Kitu kilichokuwa ndani kiliupokea kwa upole.

"Ahsante, mwanangu," kikasema, na sauti ilikuwa ya Bi Pindo.