Alikokuwa Akienda Husnah

Kila siku baada ya masomo, Anena na Safinah walirudi kambini pamoja. Walivuka barabara ya Nakawa kwa uangalifu, maana malori ya eneo la viwanda hayakumsubiri mtu, kisha wakapanda njia ya vumbi hadi kwenye nyumba za mabati za familia za polisi. Baba yake Anena, Sajini Ojera, alikuwa mpelelezi. Baba yake Safinah, Bwana Kamis, alikuwa dereva wa gari la polisi. Milango yao ilitazamana, na wasichana hao wa miaka kumi na mitatu walikuwa wamelelewa kama ndugu.

Wakifika, walikwenda moja kwa moja kwa Kaltumi, mama yake Bwana Kamis. Safinah alimwita Haboba, kama Wanubi wanavyomwita nyanya yao, na kambi nzima ikamwita hivyohivyo. Haboba Kaltumi alishinda barazani akisuka vifuniko vya chakula kwa ukindu wa rangi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwamiminia wasichana chai ya tangawizi, akawauliza wamejifunza nini, na akasikiliza mpaka mwisho.

Muhula ule Mwalimu Okullo, aliyewafundisha historia, aliwapa kazi. "Kila mmoja achague tukio la zamani la mji huu, alichunguze, kisha alisimulie mbele ya shule," alisema. "Someni, lakini msiishie kusoma. Mtafuteni mtu aliyekuwapo, mkamwulize."

Anena hakuhitaji kufikiri sana. Alipenda mno vipindi vya redio vilivyosimulia kesi za mauaji za miaka ya nyuma, vile ambavyo mtangazaji hushusha sauti mpaka nywele zikakusimama. Siku hiyo hiyo akaamua kwamba naye atatafuta kesi yake.

Jumamosi alikwenda kwenye maktaba ya umma. Mhudumu alimletea mafungu ya magazeti yaliyogeuka rangi, na Anena akapekua hadi vidole vikawa vyeusi. Hatimaye alipata habari fupi ya mwaka wa 1988. Msichana aitwaye Husnah, mwenye umri wa miaka kumi na minane, alikutwa ameuawa alfajiri katika uchochoro mmoja wa Kisenyi, karibu na gereji. Mwanamume mmoja wa mtaa ule alikuwa amekamatwa. Habari ilimalizika kwa kusema kwamba haikujulikana msichana huyo alikuwa akienda wapi wakati ule.

Hapo Anena angeweza kuomba magazeti ya miezi iliyofuata. Angeweza pia kwenda Kisenyi kuwauliza wenyeji. Lakini tumbo lilikuwa likimuuma kwa njaa, na Kisenyi ni kubwa, yenye watu wengi na makelele. Akajiambia kwamba watu wa wakati ule lazima wamehama au wamekufa. Njiani kurudi nyumbani, kichwa chake kikaanza kuijaza ile nafasi iliyoachwa na gazeti.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, aliwakusanya wenzake nyuma ya darasa. Safinah hakuwapo. Alikuwa nyumbani, anaumwa malaria.

"Husnah alikuwa na mpenzi wa siri," Anena alianza, akishusha sauti kama mtangazaji. "Usiku, wazazi walipolala, alifungua dirisha polepole, akaruka nje akiwa amevaa gauni jekundu. Mama yake alikuwa amemkataza mara nyingi, lakini hakusikia. Kumbe uchochoroni kuna mtu anamngoja, na si yule aliyemtarajia!"

Wasichana walishikana. Mvulana mmoja, Okwir, alikunja uso. "Hayo ni kweli?"

"Kweli tupu. Yameandikwa gazetini," alisema Anena bila kupepesa macho.

Kwa siku chache hakukuwa na mwanafunzi mashuhuri kumzidi. Hadithi ilitoka shuleni ikaingia kambini. Watoto wadogo wakatunga mchezo: mmoja anajifanya Husnah, wengine wanamzunguka wakipiga makofi na kuimba, "Husnah, Husnah, unakwenda kwa nani?"

Alhamisi jioni watoto walikuwa wamepanga foleni kwenye bomba la maji. Wakamwomba Anena asimulie tena. Akapanda juu ya jiwe, akasimulia, na safari hii akaongeza kwamba Husnah alikuwa amezoea kutoroka. Alipofika pale pa dirisha aliona macho ya watoto yanatazama nyuma yake. Akageuka. Haboba Kaltumi alikuwa amesimama pale na jerikeni yake.

"Nani amekuambia alitoka dirishani?" aliuliza mama huyo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni habari ya kweli, Haboba," alijibu Anena. "Nimeisoma maktabani."

Haboba Kaltumi aliitua jerikeni chini. "Nyumba yetu ya Kisenyi ilikuwa chumba kimoja," alisema. "Haikuwa na dirisha."

Kisha akaondoka, akiiacha jerikeni palepale. Maji yaliendelea kumwagika, na hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Anena alikimbia nyumbani. Alijilaza kitandani, akajifunika shuka hadi kichwani. Haikupita muda, Safinah akaingia. Bado alikuwa dhaifu kwa homa, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umemwambia nini Haboba?" aliuliza. "Amejifungia. Halii, hasemi. Afadhali angelia. Nimemwita mpaka nimechoka."

Baba yake Anena, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, alisikia yote kutoka sebuleni. Alimwita, akamketisha mbele yake, na Anena akaeleza kila kitu huku akilia: gazeti, dirisha, gauni jekundu, mpenzi wa siri.

Sajini Ojera alivua kofia yake, akaiweka magotini. "Kazini kwangu tunaandika alichokiona shahidi na alichokisikia," alisema. "Alichokibuni hatukiandiki, kwa sababu kinaweza kumfunga mtu asiye na hatia. Wewe umemfunga msichana aliyekufa. Inuka. Nitakusindikiza, lakini utasema mwenyewe."

Bwana Kamis ndiye aliyewafungulia. Alikuwa bado amevaa sare, na wasiwasi ulionekana usoni. Alibisha mlango wa chumba cha mama yake, akabembeleza, na mwishowe Haboba akatoka, akaketi kwenye mkeka. Anena alipiga magoti mbele yake.

"Haboba, nilidanganya," alisema. "Gazeti lilisema tu kwamba aliuawa, na kwamba haikujulikana alikuwa akienda wapi. Mengine yote niliyatunga. Nisamehe."

"Husnah alikuwa mdogo wangu," alisema Haboba Kaltumi. "Ulichokisema wewe leo, walikisema majirani siku ile ile tulipomzika. Walisema, msichana mwema anatafuta nini nje kabla jua halijachomoza? Mama yangu aliyasikia maneno hayo sokoni na kisimani, mpaka akaacha kutoka nje. Alikufa nayo moyoni. Nami nikadhani wote waliokuwa wakiyasema wamekwisha."

Alilainisha mkeka kwa kiganja.

"Uchungu wa kuzaa ulinishika alfajiri," aliendelea. "Mume wangu alikuwa safarini na lori. Mama alikuwa amenishika mikono, hakuweza kuniacha. Mkunga alikuwa akikaa ng'ambo ya gereji. Husnah akajitanda leso, akaniambia, 'Nakimbia, nakuja.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Uchochoroni alimkuta mtu akivunja duka. Mtu huyo alikuwa wa mtaa wetu, na Husnah alimtambua. Basi akamuua ili asimtaje. Aliyakiri hayo mwenyewe mahakamani, na alifia gerezani. Lakini siku ya hukumu hakukuwa na jirani hata mmoja aliyekuja kutuomba radhi."

"Na mtoto, Haboba?" aliuliza Safinah. "Alizaliwa salama?"

Haboba Kaltumi aliinua macho, akamtazama mwanawe.

Bwana Kamis alikuwa ameegemea mlango. Rangi ilimtoka usoni. "Uliniambia alikufa kwa homa," alisema. "Maisha yangu yote umeniambia mama mdogo alikufa kwa homa."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba siku uliyozaliwa ndiyo siku hiyo? Ulikuwa mtoto. Halafu ukawa kijana. Kila mwaka nikasema, mwaka ujao nitamwambia. Sikutaka ubebe mzigo usio wako."

Bwana Kamis alitoka nje. Kupitia mlango uliobaki wazi walimwona akisimama kando ya gari la polisi, mkono mmoja juu ya boneti, mabega yakimtikisika. Safinah alikuwa hajawahi kumwona baba yake akilia. Alimgeukia Anena.

"Toka kwetu," alisema.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Safinah alikwenda shuleni na wasichana wengine, na darasani alihamia dawati la mbele. Barazani hakukuwa na mtu anayesuka. Anena alipita huku na huku kambini, akawakataza watoto mchezo ule mmoja baada ya mwingine, lakini kila alipodhani umekwisha, aliusikia tena nyuma ya nyumba nyingine. Hapo ndipo alipoelewa kwamba neno likishatoka halina mwenyewe. Ijumaa ya wiki iliyofuata, Bwana Kamis alimpeleka mama yake kwenye makaburi ya Waislamu. Walirudi, mwana akimshika mama mkono.

Jioni ya siku hiyo Haboba alimwita Anena. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Hadithi yako ya uongo umewaambia watu wangapi?"

"Darasa zima, Haboba. Na kambi nzima."

"Basi utawaambia tena, hao hao. Safari hii uniulize mimi."

Kila alasiri Anena aliketi barazani akauliza. Alijifunza kwamba Husnah alicheka huku ameziba mdomo, kwa sababu alikuwa na pengo. Kwamba aliogopa kuku, na dada yake alimtania kwa hilo. Kwamba alishona nguo za watoto wa jirani, na kwamba alikuwa ameshamshonea kofia ya kijani mtoto wa dada yake aliyekuwa bado hajazaliwa. Kuna maswali ambayo Haboba aliyajibu mara moja, na mengine yalimfanya aache kusuka na kutazama mbali. Anena alijifunza kungoja, na pengine kuliacha swali lenyewe.

Jumapili moja Bwana Kamis aliwapeleka Haboba na Anena Kisenyi. Mahali palipokuwa na uchochoro pamejengwa maduka ya matairi na vipuri. Vijana walikuwa wakibiringisha matairi, redio zikipiga muziki, wachuuzi wakipaza sauti. Haboba Kaltumi alisimama kati ya watu wote hao, akaomba dua kwa midomo tu. Kijana mmoja alimsogezea kiti, akidhani amechoka na jua.

Siku ya kusimulia ilipofika, ukumbi wa shule ulijaa. Haboba Kaltumi aliketi mstari wa mbele. Bwana Kamis alisimama nyuma na Sajini Ojera.

"Niliwaambia kwamba Husnah alitoroka dirishani kwenda kwa mpenzi," alianza Anena. "Nilisema yameandikwa gazetini. Hayakuandikwa. Niliyatunga, nami naomba mnisikilize upya."

Akasimulia habari za pengo, na kuku, na kofia ya kijani. Hakushusha sauti kama mtangazaji. Wanafunzi wachache waliopenda hadithi ya kwanza walinung'unika, kisha wakatulia. Alipofika kwenye alfajiri ile, alijaribu kusema Husnah alikuwa akienda wapi, akashindwa.

Sauti ya mwanamume ikasikika kutoka nyuma.

"Alikuwa akienda kumwita mkunga," alisema Bwana Kamis. "Mtoto aliyekuwa anazaliwa ni mimi."

Ukumbi mzima uligeuka. Alisimama wima katika sare yake, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Anena alimalizia kwa shida. Mwalimu Okullo alipouliza kama kuna maswali, Okwir aliinua mkono. "Alipiga kelele? Alijua kwamba anakufa?"

Anena alifikiri. "Sijui," alisema. "Hakuna anayejua."

Haboba Kaltumi aliomba kusema. Mwalimu alimsaidia kusimama.

"Watoto wangu," alisema, "mtu aliyekufa hawezi kurudi kujitetea. Ukimsingizia, hatakujibu. Lakini wako waliobaki, na wao wanasikia. Mkitaka kusimulia habari za waliouawa, simulieni, maana kusahauliwa nako kunauma. Ila ulizeni kwanza. Fanyeni kazi ya kutafuta, hata ikichosha. Na pale msipojua, semeni kama alivyosema mwenzenu sasa hivi, kwamba hamjui. Mama yangu angalipata jirani mmoja tu wa kusema hivyo, angalikufa akiwa na amani."

Alipoketi, hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Okullo aliinamisha kichwa, na shule nzima ikasimama kimya kwa ajili ya msichana ambaye wengi wao walikuwa wameeneza uongo juu yake.

Nje, Safinah alimfuata Anena hadi kwenye ngazi.

"Sijakusamehe," alisema. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

Safinah alitazama chini, akavuta kamasi. "Baba ameanza kumwuliza Haboba habari za mama mdogo. Jana walikaa pamoja mpaka chakula kikapoa. Alicheka kidogo, kisha akalia tena." Kisha akasema, "Haboba anataka uje kesho. Anasema kuna mengine ya Husnah hajakwambia."

"Nitakuja," alisema Anena.

Safinah aliitikia kwa kichwa, akaenda kumshika nyanya yake mkono.