Aliyeshika Mkanda wa Gharib

Walikutana asubuhi kwenye soko la dagaa la Kibirizi, Gharib alipokanyaga turubai ambalo Mwanne alianikia dagaa wake, kwa buti zake za mpira.

"Kaka, hayo mabuti yametoka wapi?"

"Kwenye mabwawa ya majitaka. Nipo mafunzo kwa vitendo."

"Basi hao dagaa umeshawanunua."

Akawanunua kweli, na namba ya simu akaomba. Miezi miwili baadaye Mwanne, binti wa Ujiji asiyebembelezeka, alikuwa akimwita mpenzi mbele ya wapagazi bila haya.

Alhamisi moja akampigia. Ikapokea sauti ya kike.

"Gharib mikono yake imejaa tope. Mimi ni Honorata, nasoma naye."

"Na mikono yako wewe iko wapi?"

"Mmoja una simu. Mwingine umemshika yeye."

Mwanne akakata. Akavaa dera lake la zambarau, akajitanda mtandio, akapanda bodaboda hadi kwenye mabwawa ya majitaka. Ukingoni mwa bwawa la mwisho akamwona Gharib ameinama juu ya maji ya kijani, chupa ya sampuli mkononi, na msichana mrefu amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Ndiyo masomo hayo?"

Gharib akashtuka, chupa ikamponyoka, ikazama.

"Mwaka jana mwenzetu aliteleza hapa, nusura afe," Honorata alisema taratibu. "Tangu hapo hainami mtu bila kushikwa. Dada, kama huamini, mshike wewe."

Akampa glavu. Mwanne akashika mkanda. Gharib akainama na chupa nyingine, uzito wake wote ukamjia Mwanne mikononi, na hofu ikamwingia.

"Kila siku anakushika yeye?"

"Kila Alhamisi. Na mimi namshika yeye."

Wivu ukamchoma upya, lakini hakulegeza vidole mpaka chupa ilipojaa na Gharib akasimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Kwamba kuna msichana ananishika kiuno kila wiki? Niliogopa kukukosa."

"Mafunzo yakiisha, yeye anakwenda wapi?"

"Kwao Kasulu. Mimi nimeomba nafasi hapa hapa."

Mwanne akavua glavu kidole kimoja kimoja, akimtazama Honorata akiandika vipimo kwenye daftari. Bado hakumpenda.

"Jumamosi mtume mjomba wako Ujiji na barua ya posa," alisema. "Baba atauliza unafanya kazi gani. Hilo niachie, nitamjibu mimi."